3,8 juu ya 5 haiponyeshi mtoto

Mwezi uliopita, mu chumba cha mikutano, shefu mwenye kusimamia huduma za wafanyakazi alisimama mbele yetu sisi madelege wa sendika. Akawasha mashine, na ukutani ikatokea namba moja kubwa ya rangi ya majani: 3,8 juu ya 5. Akasema: «Madelege, hii si maneno yangu. Ni wafanyakazi wenyewe njo walijibu. Dispanseri inawapendeza. Tupite kwa jambo lingine.»

Sisi tulikuwa tumeleta jambo moja tu. Farmasi ya dispanseri inafungwa saa kumi na mbili ya magaribi, na ufunguo unaenda kulala mu mji pamoja na mwenye farmasi. Mtu wa posti ya usiku akiugua, ao mtoto wake akishikwa na homa usiku, anakuta paka muuguzi na kitanda. Dawa ni mpaka asubuhi. Tulikuwa na tarehe, tulikuwa na majina, vyote vimeandikwa kwa biki mu daftari. Lakini ile namba ilikuwa ukutani, na daftari yetu ilikuwa juu ya magoti. Namba ikashinda.

Tulitoka pale na kasirani. Kisha mmoja wetu akauliza: «Sasa ile 3,8 ilizaliwa wapi? Nani aliihesabu?» Tukaanza kuifuata nyuma, karatasi kwa karatasi, mtu kwa mtu. Haya tunayoandika hapa njo tuliyokuta. Tunayaandika kwa sababu karatasi ya moja mpaka tano haiishi kwa dispanseri. Inakuja kwa kantini, inakuja kwa bisi, inakuja kwa nyumba, kesho itakuja kwa shule ya watoto. Ni muzuri kila mmoja ajue inafanya kazi namna gani mbele ya kuijaza.

Namna karatasi ilijazwa

Karatasi ilikuwa na maulizo 12, yote kwa Kifaransa. Chini ya kila ulizo: 1, 2, 3, 4, 5. Juu kabisa, pahali pa kuandika matrikile. Iligawanywa mlangoni saa nane ya mchana, wakati posti ya asubuhi inatoka, bisi zimekwisha kuwasha moto. Watu waliandika juu ya mgongo wa mwenzao, juu ya kofia, juu ya goti. Kapita alikuwa akikusanya na kupiga kelele: «Haraka, bisi inaenda!» Mwenye hakuelewa Kifaransa alitazama ya jirani. Tunasema kweli yote: sisi madelege tulikuwa pale, na wengine kati yetu walijaza vile vile, dakika mbili, wakapanda bisi.

Kundi la usiku la juma lile, wale wanaofika saa nne ya usiku, hawakukuta karatasi hata moja. Zilikuwa zimekwisha.

Kila mtu wa mungoti anajua kosa lile. Mwenye kuchukua sampuli hachukui jiwe moja lenye kung'aa pembeni ya njia na kulipeleka mu laboratwari kusema mlima wote ni shaba. Anachukua juu, anachukua chini, anachukua hata mu udongo mbaya, njo anachanganya. Shefu akiletewa sampuli ya upande mmoja, atafukuza aliyeileta. Lakini ya watu, wanaichukua mlangoni saa nane, na wanaisimamisha ukutani.

Kipimo chenyewe si adui

Tusikosee njia. Sisi hatukatai kipimo. Tunapima tani, tunapima vumbi na gesi, tunapima namna ukuta wa shimo unavyosogea. Bila kipimo wengi wetu tungekuwa tumekwisha kuzikwa. Na mtu akitaka kujua watu elfu tatu wanawaza nini, hawezi kukaa na kila mmoja kutwa nzima. Namba inasaidia.

Ngazi hizi tano zilitokea Marekani. Mwaka 1932, mtaalamu mmoja anayeitwa Rensis Likert alitoa kazi yake juu ya namna ya kupima mawazo ya watu, kama vile mawazo juu ya uhusiano wa mataifa na juu ya watu weusi wa nchi ile. Lakini angalieni alivyofanya. Hakuweka ulizo moja na kwenda zake. Alipanga sentensi nyingi juu ya jambo moja, na kila ngazi ilikuwa na jina lake: ninakubali kabisa, ninakubali, sijakata shauri, sikubali, sikubali hata kidogo. Kisha njo akajumlisha. Neno lilitangulia, namba ikafuata.

Mwaka 2003, Mmarekani mwingine, Fred Reichheld, akaleta ulizo moja tu la kuuliza wateja: kutoka 0 mpaka 10, unaweza kumshauri rafiki yako aje kwetu? Wenye kusema 9 na 10 wanahesabiwa kuwa rafiki wa kampuni. Wenye 7 na 8 wanaachwa pembeni. Kutoka 0 mpaka 6 wanahesabiwa kuwa hawajaridhika. Unatoa hawa kwa wale, unapata namba moja. Makampuni makubwa ya dunia yaliipenda, maana ni nyepesi.

Sasa tuulize: ulizo lile liliundwa kwa ajili ya nani? Kwa mteja. Mteja akichoka na duka moja, anavuka barabara, anaingia lingine. Kuondoka kwake njo pointi yake ya kweli, na mwenye duka anaisikia mu mfuko. Sisi tutavuka barabara twende wapi? Dispanseri ni moja. Bisi ni ile ile. Sahani ya kantini ni ile ile, uipende ao usiipende. Mu karatasi yetu walituandika «wateja wapendwa». Ndugu zetu, sisi si wateja. Mteja analipa na kuchagua. Sisi tulikwisha kulipa kwa mgongo, na hatuchagui.

Makosa tuliyoyakuta

La kwanza: namba haikuwa na jina. Karatasi haikusema kama 1 ni nzuri ao mbaya. Papa mmoja, mwenye miaka mingi mu kazi, alizunguka 1 kila pahali. Tulipomuuliza, akajibu: «Wale wauguzi banatupokeaka muzuri, nilibapatia place ya kwanza.» Ana haki. Mu buletini ya shule, place ya 1 ni ya mtoto mwenye akili. Mu ofisi walisoma 1 yake sawa matusi. Na mwingine aliandika 3, akitaka kusema «tunavumilia tu». Lakini 3 juu ya 5 ni 60 kwa mia, na sisi wote tuliopita shule tunajua kama kwa Exetat 50 kwa mia inatosha. Mvumilivu aliandika kilio, ofisi ikasoma «amepita».

La pili: ulizo moja lilibeba mizigo miwili. «Je, unaridhika na mapokezi na dawa za dispanseri?» Mapokezi ni muzuri kweli, wauguzi wale ni watoto wetu, wanatuita papa na mama. Dawa ndiyo haiko. Utaandika nini? Mapokezi 5, dawa 1, unaweka 3 katikati, na 3 yako haisemi la mapokezi wala la dawa. Mwenye kuisoma hajui kama anunue dawa ao awafundishe wauguzi kucheka.

La tatu linatoka kwetu wenyewe, mu desturi yetu. Mtu akikuuliza «Habari?», unajibu «Muzuri». Hata kama mtoto amelala hospitali, hata kama kuko kilio mu lupango, unatanguliza «Muzuri». Ni adabu. Kisha mnakaa, unapewa kiti, unapewa maji, njo unaanza: «Muzuri, lakini…» Ukweli wetu unakaa nyuma ya ile «lakini». Karatasi ya moja mpaka tano haina kiti, haina maji. Inauliza habari, inachukua «muzuri» yako, inaenda nayo. Wengi tuliowauliza kwa nini waliandika 4 walitujibu neno moja: «Nilikuwa naheshimu.» Tulipokaa nao nusu saa, wakatoa mambo ya kujaza daftari.

La nne: woga. Ukimwambia mtu aandike matrikile yake juu ya karatasi, na mkataba wake ni wa miezi sita kwa kampuni ndogo yenye kukodisha wafanyakazi, usitazamie aandike 1. Mwenye kutafuta mkataba mpya hagombani na namba. Kuna pia kile kisanduku cha kantini chenye sura za rangi, moja inacheka, moja imekunja uso. Tulikitazama siku tatu. Kimesimama karibu na meza ya mwenye kusimamia kantini. Watu wanabonyeza ya kucheka huku wakimwangalia yeye.

Namna 3,8 inavyoficha watu

Kosa la tano ni kubwa kuliko yote, kwa hiyo tunawaomba mchukue biki na mhesabu pamoja nasi.

Chukueni watu 10. Wanane waandike 4, wawili waandike 3. Nane mara nne ni 32, mbili mara tatu ni 6, jumla 38. Gawanyeni kwa 10: 3,8. Hapo kweli watu wanaridhika karibu sawasawa, hakuna mwenye kulia sana.

Sasa chukueni watu 10 wengine. Saba waandike 5, watatu waandike 1. Saba mara tano ni 35, tatu mara moja ni 3, jumla 38. Gawanyeni: 3,8. Namba ni ile ile! Lakini hapa watu watatu kati ya kumi wanasema kama mambo ni mabaya kabisa, hakuna ubaya kupita huo. Wale saba ni nani? Labda hawajakwenda kwa dispanseri mwaka mzima, wana afya, wanaona rangi mpya ya ukuta, wanaandika 5. Na wale watatu labda ni wale ambao walitafuta dawa saa saba ya usiku.

Mu kazi yetu, watu kumi wakishuka chini na watatu wasipopanda, hakuna mwenye kusema «kwa wastani tumepanda muzuri». Tutasimamisha kazi, tutatafuta watatu. Basi kwa nini kwa dispanseri tunakubali wastani?

Mwenye kulala na mtoto hakuulizwa

Tunafika kwa jambo ambalo lilitufanya tuandike haya. Mu ile miezi, bibi ya mwenzetu mmoja alimbeba mtoto wa miaka miwili mpaka dispanseri, usiku. Mtoto alikuwa na homa kali na macho yameanza kugeuka. Bwana yake alikuwa mu posti. Muuguzi akamwambia: «Mama, dawa haiko apa, ufungulo iko na mwenye farmasi. Rudiya saa mbili ya asubui.» Muuguzi alilia naye, hatumlaumu. Mama akatafuta moto, akaenda kwa kituo kingine mu mji. Mtoto aliwekewa damu. Leo mtoto anatembea, asante kwa Mungu. Deni la dola nalo lingali linatembea.

Tulimuuliza mama yule: «Karatasi ilifika kwako?» Akacheka. «Karatasi gani?» Bwana yake je? Alikuwa mu kundi la usiku, hakuipata. Basi mu ile 3,8 nyumba hii haimo, si kwa 1, si kwa 5. Na tukaona jambo ambalo tulipaswa kuliona tangu mwanzo: wenye kutumia dispanseri zaidi ni wamama na watoto, na karatasi iligawanywa kwa wanaume mlangoni pa kazi. Wengi wa wale waliojaza hawajui hata mlango wa farmasi unaangalia upande gani.

Sheria inasema nini

Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamlazimisha mwenye kazi kutunza mfanyakazi na jamaa yake wakati wa ugonjwa. Haisemi: awatunze kama wamempa pointi ndogo. Haki haipimwi kwa kupendeza. Hata kama wafanyakazi wote wangeandika 5, farmasi yenye kufungwa usiku ni kosa, na inabaki kosa.

Sheria ile ile inataka kuwe madelege waliochaguliwa na wafanyakazi, na kuwe komite ya usalama na usafi wa kazi. Karatasi inaweza kusaidia kazi ya delege. Haiwezi kukaa mu kiti chake. Delege akisema «mtoto huyu, tarehe hii, saa hii», asijibiwe kwa wastani. Ajibiwe kwa tarehe.

Tunayodai

Tulirudi kwa mkutano na makosa haya yote yameandikwa. Tulidai mambo saba, na tunawaonyesha ninyi kusudi mkayadai pia kwenu:

1. Karatasi iandikwe kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na kila ngazi iwe na jina: mbaya sana, mbaya, katikati, muzuri, muzuri sana.

2. Ulizo moja kwa jambo moja. Mapokezi peke yake, dawa peke yake, saa za kufungua peke yake.

3. Kuwe pahali pa kusema «sijatumia huduma hii». Mwenye hajaingia dispanseri asiisifu, asiitukane.

4. Matrikile itoke. Waweke paka posti, kundi na aina ya mkataba.

5. Makundi yote yaulizwe, na wamama waulizwe kwa dispanseri yenyewe ao nyumbani, na mtu mwenye kusema lugha yao.

6. Chini ya kila namba kuwe mistari miwili: «Kwa nini?» Hapo njo «lakini» yetu itapata kiti.

7. Matokeo yabandikwe mlangoni: wangapi walisema 1, wangapi 2, mpaka 5, kwa kila posti. Na pembeni yaandikwe yatakayobadilishwa, tarehe gani, na nani.

Na kosa letu sisi

Hatuwezi kuwasema wengine na kujificha. Mara ingine, kwa karatasi ya kantini, sisi madelege tulipitisha neno kwa watu: «Andikeni 1 kila pahali, waone kasirani yetu.» Watu wakatusikia. Wakaandika 1 kwa nyama, 1 kwa bukari, 1 kwa maji, 1 hata kwa usafi wa meza ambazo zilikuwa zinang'aa. Ofisi ikachukua zile karatasi, ikasema hazina maana, ikazitupa. Walikuwa na haki kuzitupa. Nyama mbaya ilikuwa ya kweli, lakini tuliifunika sisi wenyewe kwa uongo wa meza. Hatutarudia.

Kwa hiyo, ndugu wafanyakazi, karatasi ikija, msiikatae na msiicheze. Msijaze ya mwenzenu. Msikubali kapita awajazie. Bisi ikiwasha moto, mbebe karatasi nyumbani, mkae na bibi, mumuulize yeye, kwa sababu yeye njo anajua. Andikeni 5 pale kunastahili 5, muuguzi mwema apate sifa yake. Andikeni 1 pale kunastahili 1. Kama hakuna mistari ya «kwa nini», geuzeni karatasi, mgongo wake ni mweupe. Andikeni tarehe, saa, na kile kilichokosekana. Na mbele ya kuirudisha, delege aione, ahesabu, aweke namba zake mu daftari. Siku ukuta utasema 3,8, daftari ijue watatu ni nani.

Mpaka leo wamekubali tatu kati ya yale saba: Kiswahili, kutoa matrikile, na kubandika hesabu ya kila namba. Ni hatua, tunaisalimia. Ulizo la dawa wanasema watalitenga. Lakini ufunguo wa farmasi bado unalala mu mji. Siku utakapolala pa dispanseri, mu mkono wa muuguzi wa usiku, hakuna mwenye kutusukuma: 5 tutaiandika sisi wenyewe, kwa biki, na yule mama njo ataanza.